Kielelezo Kilichozaa Kituoni

Mwaka huu askari alikuja shuleni kwetu Kibaha kutupa mawaidha. Tukajazwa kwenye bwalo, madirisha yote wazi na bado harufu ya maharage ya juzi iko palepale. Akasimama mbele, kofia kwapani, akasema polisi ni rafiki zetu, tusiwaogope, tukiona uhalifu tutoe taarifa. Aliongea vizuri, sina ubaya naye. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu wa zamu akanikazia macho, yale macho ya "thubutu uone". Nikathubutu.

"Shikamoo afande. Mbuzi akizaa akiwa kituo cha polisi, mtoto ni wa nani?"

Bwalo zima likaangua kicheko, afande mwenyewe akacheka. Mimi nikafyeka majani nyuma ya vyoo siku tatu kwa kosa la kuleta utani mbele ya mgeni. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba muhula mzima, katika yote niliyoyaropoka, hilo ndilo peke yake nililokuwa namaanisha. Nilitaka jibu. Nilishaliuliza mahali pengine, nikaambiwa nisubiri nje.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kisarawe, ndani ndani kule upande wa Marui, na likizo zangu zote naishia huko. Mimi na yeye ni watani. Ananiita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa Pwani wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na mimi namjibu maneno ambayo mama yangu akiyasikia anazibwa pumzi. Mifugo yake ilikuwa mbuzi wanne, ugonjwa ukapita, akabaki jike mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni, kama mtu aliyepuliza unga akausahau. Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, jike huyo alikuwa na mimba kubwa, na bibi alishawagawa watoto kabla hawajazaliwa: mmoja wa kufuga, mmoja wa akika ya mtoto wa mjomba.

"Huyu huzaa pacha," alisema. "Hajawahi kuzaa mmoja."

Akaibiwa, tena mchana kweupe. Vijana wa bodaboda wakamnasa mwizi kabla hajaifikia barabara kubwa. Alikuwa amempakata mbuzi juu ya tangi la pikipiki, kamvisha koti la mvua na kofia yake imefungwa chini ya kidevu, jua linawaka kama nini. Kijana aliyemshtukia alisema mwanzoni alimwonea huruma yule abiria, akadhani ni mgonjwa anawahishwa zahanati, mpaka abiria aliposema mee.

Hapo tulicheka. Tulipofika eneo lenyewe kicheko kikaisha. Mwizi alikuwa amekalishwa chini katikati ya duara la watu, shati limechanika, sikio linavuja damu, na pembeni kuna mtu anachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki. Wala hakuwa na haraka.

Bibi akapasua duara. "Mnataka kufanya nini?"

"Bibi, kaa pembeni tukusaidie. Ukimpeleka polisi, keshokutwa yuko hapa anakunywa togwa."

"Akinywa na anywe. Nchi ina serikali. Huyu na mbuzi wote tunawapeleka kituoni."

"Na mbuzi?" Yule kijana akawageukia wenzake. "Oya, bibi kasema na mbuzi! Bibi, mbuzi akiingia kule harudi."

"Atarudi. Si wangu?"

Alibishana nao mpaka wakachoka. Yule mtu yu hai leo kwa sababu bibi yangu aliwaamini polisi. Naomba hilo ulishike, maana sidhani kama polisi wenyewe wanalijua.

Kituo chenyewe sikitaji, nina mitihani mbele yangu. Kaunta alikuwepo afande mmoja mnene kiasi, mpole wa sauti, akaanza kuandika maelezo ya bibi. Aliandika taratibu kama anachora.

"Mbuzi jike. Rangi?"

"Mweusi, ana baka jeupe usoni."

"Alama nyingine?"

"Ana mimba."

Hapo ndipo nilipoharibu. Toka asubuhi watu wamenuna, kila mtu ana sura ya msibani, na mimi ukimya unaniwasha mwilini. Nikasema, "Bibi na wewe! Mimba ya mtu unaitangaza kaunta ya polisi? Muache mwenyewe aseme, na baba amtaje."

Afande alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Bibi akanipiga kofi la mgongo, naye anacheka. Afande alipoiokota kalamu akaenda moja kwa moja kwenye mstari uliofuata. Akamsomea bibi haraka haraka, bibi akaweka dole gumba. Mimi, kidato cha pili, mwenye A ya Kiswahili, nilikuwa nasoma juu ya bega lake, na sikuona kilichokosekana.

Tukainuka. Bibi akaenda kumfungua mbuzi wake.

"Hapana bibi, huyo anabaki," afande akasema. "Ni kielelezo. Kesi ikienda mahakamani lazima awepo."

"Atakula nini?"

"Mleteeni majani. Serikali haina fungu la majani."

Basi tukawa watu wa kubeba majani. Mwendo wa saa nzima na ushee, bibi kichwani, mimi begani, tunakwenda kukilisha kielelezo cha Jamhuri. Tukifika tunauliza, tunaambiwa njooni Jumatatu. Jumatatu mpelelezi yuko semina. Alhamisi mpelelezi karudi, ila faili liko kwa mkuu. Jumatatu nyingine faili limetoka kwa mkuu, ila mwenye ufunguo wa kabati kaenda kuzika. Wiki ya pili mwizi akapata dhamana, tukapishana naye njiani anarudi kwao, mikono mitupu, anatembea. Akatusalimia. Binadamu kapata dhamana, mbuzi kakosa. Nilimwambia bibi bora tungeiba sisi, tungekuwa tumeshatoka. Hakucheka. Alianza kuchoka shingo kwa ule mzigo, na kila tulipopita kijiweni vijana walimwuliza, "Bibi, mfungwa hajambo?"

Mama alikuwa akipiga simu kutoka Kibaha ananiuliza nasoma. Nikamwambia nasoma sana, nimefika sura ya majani.

Wiki ya tatu tukamkuta mbuzi tumbo limeisha. Mbavu unazihesabu.

"Afande," bibi akasema, "tumbo liko wapi?"

"Tumbo gani?"

"Mbuzi wangu alikuwa na mimba."

"Ile ilikuwa gesi, bibi. Mbuzi wakila majani mabichi wanavimba sana."

Bibi akachuchumaa, akashika kiwele kwa vidole viwili. Maziwa yakadondoka kwenye sakafu.

"Na hii nayo gesi?" nikauliza.

Safari hii hakucheka. "Binti, punguza mdomo." Akavuta rejista ya vielelezo, akaigeuza tuione. Mbuzi jike, mmoja. "Kaingia mmoja, yupo mmoja. Kuna kilichopungua?" Halafu akatoa yale maelezo ya siku ya kwanza, akanisukumia mimi. "Wewe si unajua kusoma? Nionyeshe palipoandikwa mimba."

Nikasoma toka juu mpaka kwenye dole gumba. Hapakuwepo. Nilijua kwa nini hapakuwepo. Pembeni ya rejista kulikuwa na kikombe chake cha chai, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale, ilikuwa chai ya maziwa.

Bibi hakunitazama. Afadhali angenitazama. Njia nzima ya kurudi hakuniita mke mwenzangu, alisema tu "angalia kisiki hicho", "angalia hapo pana utelezi", kama mtu anayetembea na mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa nafikiri. Rejista inaweza kumdanganya mkuu wa kituo, ikamdanganya na hakimu. Mama mwenye maziwa haimdanganyi.

Safari iliyofuata tukaomba tumfungue mbuzi ale majani nyuma ya kituo, karibu na nyumba za askari. Afande akasema sawa, tusivuke uzio. Kamba nilishika mimi. Tulipofika usawa wa nyumba ya kwanza, kamba ikaniponyoka. Mkono wangu una tatizo hilo tangu utotoni.

Mbuzi alipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia akiutoa, akatimua. Nyumba ya pili akaipita. Nyumba ya tatu, kwenye kibanda cha mabanzi, kikasauti kikaitikia. Mama mmoja aliyekuwa anafua akaliacha beseni, akafungua kile kibanda aone kuna nini, na kikatoka kitoto cheusi chenye baka jeupe usoni. Kikapiga magoti chini ya mama yake, kikaanza kunyonya, mkia unatikisika kama umewekewa betri. Gwaride la utambuzi lilikwisha hapo hapo, bila kuulizwa jina wala kabila.

Watu wakajaa. Afande akaja anakimbia, kashikilia mkanda. "Huyo wangu! Nimemnunua mnadani Magindu!"

"Na mama yake naye umemnunua Magindu?" sauti ikatoka kwa bodaboda walioegemea uzio.

Yule mama wa beseni, kumbe mkewe, akamgeukia. "Magindu tena? Si uliniambia umepewa na shemeji?"

Jamani. Hilo lingetosha kunichekesha mwezi mzima. Lakini bibi alikuwa anachungulia ndani ya kibanda, akainuka na uso wake ule ule.

"Mwanangu, mwingine yuko wapi? Huyu huzaa pacha."

Afande akaurekebisha mkanda. Halafu, "Alikufa."

"Kaburi liko wapi?"

Mkewe akaingia ndani, akafunga mlango.

Mkuu wa kituo, mwanamke wa makamo, alituita ofisini. Alimwamkia bibi vizuri, akampa kiti, akampa pole. Akasema mambo haya yanamsikitisha, kwa sababu kwa utaratibu mbuzi angepigwa picha siku ile ile akarudi nyumbani na mwenyewe. Picha ndiyo ingekwenda mahakamani.

Wiki nne za majani!

"Mbona hatukuambiwa?" nikauliza.

"Mngeuliza."

Akasogeza karatasi. Bibi aweke dole gumba kuwa hana malalamiko, aondoke na mbuzi wake na mtoto leo hii.

"Malalamiko ya mwizi," bibi akauliza, "au ya kijana wako?"

"Yote, bibi. Ukiendelea, hawa wawili itabidi wabaki hapa, wote ni vielelezo."

"Mkuu," nikasema, "kwani mtoto aliyezaliwa hapa ni wa nani?"

"Wewe subiri nje."

Bibi akasema sitoki mpaka nimsomee. Nikamsomea neno kwa neno, mara mbili, nikamwonyesha kwa kidole palipoandikwa "dhidi ya mtu yeyote". Nje, kitoto kilikuwa kinalia. Akaweka dole gumba, wino akaufuta kwenye kanga yangu.

Kijiweni vijana walikuwa wanatusubiri. "Bibi, si tulikwambia? Siku nyingine tuachie sisi."

"Siku nyingine pia hamtamchoma mtu."

"Sasa mwizi mwingine utampeleka wapi?"

Bibi alifungua mdomo. Nikangoja, maana yeye hakosi jibu, mimi nimeutoa kwake huu mdomo. Akaufunga, akavuta kamba, tukaendelea na safari.

Likizo iliyopita jike alikuwa na mimba tena. Bibi aliniandikisha kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu la Hesabu: mbuzi jike, mweusi, baka jeupe, ana mimba. Akanisimamia mpaka nikapigia mstari. "Na utani wako, mke mwenzangu, kaa nao mbali na karatasi." Tulikuwa tunapukuchua kunde barazani. Yule mwizi akapita na jembe begani, akasimama. "Shikamoo bibi." "Marahaba, wazima huko?" Mbuzi wako pale pale kwenye kivuli, bibi hata hakuwatupia jicho.

Baadaye kidogo tukasikia pikipiki kubwa, ule mlio wa zile wanazoendesha askari. Ungo wa kunde ukapinduka. "Ingiza mbuzi!" Tukawasukuma chumbani, jike na yule mwanawe ambaye sasa ni dume la haja, nikamziba huyo dume mdomo kwa mkono. Nikachungulia dirishani. Alikuwa askari mwingine kabisa, kijana mdogo, pengine mtu mzuri tu, akapunguza mwendo akatupungia.

Bibi, kasimama mlangoni, akampungia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshikilia komeo.