Shada la Tata Mukendi

Mi ndiye fundi kompyuta wa duka letu la pampu za maji hapa Kolwezi, na wiki iliyopita nilijiona kichwa kweli. Niliunganisha hifadhidata ya wateja na ile aplikasyo inayotugawia kazi kwenye simu, mambo yajiendeshe yenyewe. Mama patroni, mwenye duka, ambaye hakosi kilio cha mteja hata kimoja, alitaka jambo moja tu: mteja akifariki, tujue papo hapo. Basi nikaifundisha mashine kwamba ikikuta neno "alikufa" mbele ya jina la mteja, katika maelezo ya simu tunazopokea, iagize shada la maua na kutuita wote kilioni. Rahisi kama kunywa maji.

Jumatatu simu zote zikalia pamoja. Tata Mukendi wa Mutoshi, mteja wetu mkubwa, alikufa! Mama patroni akafunga duka. Tukapanda pikapu, mi mbele na shada, na tulipokaribia nyumba tukaanza kuimba. Mi nililia kuliko wajane wote wa Lualaba, kusudi patroni anione.

Mlango ukafunguka. Tata Mukendi mwenyewe, kandambili miguuni, mkate mkononi, akasoma utepe wa shada: "Pumzika kwa amani, Tata Mukendi." Akamwangalia patroni.

"Mama, asubui nilipiga simu kwenu, nikasema pompe yangu ya maji alikufa. Sasa munakuya kumutengeneza ao kumuzika?"

Patroni akanigeukia. Machozi yangu ya uongo yalikuwa bado yanachuruzika.