Mzohali wa Sanduku la Mninga

Nikisikia harufu ya maranda ya mninga narudi Ujiji, kwenye karakana ya baba, mwaka ambao dada yangu Mwamvita alichumbiwa na kijana wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Baba alikuwa seremala, na kwa mafundi wa mtaa wetu ilikuwa aibu binti kwenda kwa mumewe na sanduku la kununua. Mwamvita angeondoka na sanduku la mkono wa baba yake, na mpaka liishe, haondoki. Wakwe walikubali. Hawakujua kwamba baba, aliyewahi kumaliza kabati la mtu kabla mwenyewe hajaja kuuliza, angelishika sanduku hilo tangu masika hadi upepo wa kiangazi ulipoanza kulichafua ziwa.

Mara mbao hazijakauka. Mara bawaba za dukani ni za ovyo, asubiri nyingine kutoka Kigoma mjini. Akipiga msasa ubavu mmoja anaona doa, anaanza upya. Mimi nilifurahi, maana nililala kitanda kimoja na dada na sikutaka aende. Lakini wakwe wakatuma neno: Ramadhani ikiingia kabla ya ndoa, wao watatafuta kwingine. Dada akaanza kukataa chakula. Bibi, mama yake baba, akaacha mawese yake jikoni na kwenda kusimama mlangoni mwa karakana, mwiko mkononi.

"Juma, wewe ni mzohali! Unataka binti azeekee humu?"

"Kesho, mama," baba alijibu bila kuinua macho. "Kesho namaliza."

Neno lile lilikuwa geni kwangu. Nilimfuata bibi jikoni nikamuuliza kama mzohali ndiye mvivu.

"Hapana, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kiha chake cha kunibembeleza. "Mvivu utamkuta amelala. Mzohali yuko kazini tangu alfajiri, ila lile moja linalomngoja ndilo halitaki kuisha. Kila siku analisogeza kesho." Akakoroga chungu kidogo. "Na baba yako kwa kazi za watu hayuko hivyo. Ni kwa hili tu."

Asubuhi iliyofuata dada aliingia karakana, akachukua randa na kuanza kuuparuza mfuniko. Hakuwahi kushika randa maishani mwake. Baba alimtazama, kisha akaizuia mikono yake taratibu.

"Utauharibu, mwanangu."

"Basi malizia wewe, baba. Nitakuwa nakuja kukuona."

Baba alilia waziwazi, nami nikalia kwa sababu nilimpenda na nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Alasiri sanduku lilikuwa limekwisha, na bawaba zilikuwa zile zile za ovyo.

Siku hizi neno mzohali silisikii tena, hata Ujiji kwenyewe. Mimi nashona nguo Katubuka, na sare za watoto wa watu hazilali kwangu. Binti yangu amepata chuo Mbeya. Begi lake lilikatika zipu, na zipu mpya iko pale pale mezani, kando ya cherehani, tangu alipoinunua. Jana kaniuliza tena, nikamwambia kesho. Akacheka, akasema mama amekuwa mvivu. Bibi angekuwepo, angeniita kwa neno langu.