Mama Mitungi na makumbi yaliyokula chumvi nyingi

Saa moja asubuhi, kabla barabara haijachangamka, Mama Mitungi amechuchumaa mbele ya ndoo uani kwake. Anachota maji ya rangi ya kahawia kwa kiganja, anayapeleka mdomoni, anayazungusha ulimini kama mpishi anayeonja mchuzi, kisha anayatema mtaroni.

“Bado,” anasema, na kuyamwaga yote.

Ng’ambo ya barabara, fundi viatu anasimamisha nyundo hewani. “Mama Mitungi, chai imekosa sukari leo?”

“Imezidi chumvi,” anajibu bila kugeuka. “Karibu ujaribu.”

“Ahsante, nimekunywa nyumbani.”

Mzaha huo wameurudia tangu mvua zilizopita, na hakuna aliyeuchoka. Ndani ya ndoo kumelowekwa makumbi, yale manyuzi ya ganda la nje la nazi. Mpaka maji yake yakose ladha kabisa, hakuna mmea utakaoyagusa. Na leo ni siku kubwa, kwa maana leo ni zamu ya Bibi.

Bibi si mtu. Ni mmea, tena mmoja tu uliobaki kati ya mimea yote iliyompa mama huyu jina lake. Amekaa katika kopo la rangi lililotobolewa chini, majani yake marefu yameinamia upande mmoja, na mwaka mzima hajatoa hata mtungi mmoja. Leo anahamishiwa kwenye chungu chake kipya. Akishika, kizazi kitaendelea. Akifa, vitabaki vipandikizi vyake viwili vichanga tu, na hakuna mahali pengine pa kuipata mbegu yake.

Kwa asiyewahi kuuona mmea wa mitungi, maelezo yake husikika kama uongo wa mlevi. Ncha ya kila jani hurefuka ikawa kama uzi, uzi ukashuka, kisha mwishoni ukavimba ukawa mtungi mdogo wenye mdomo, kifuniko na maji ndani. Mdudu hufuata utamu wa mdomoni, huteleza, huzama, na mmea humla polepole. Wateja wa kitalu hiki hucheka, halafu huwavuta watoto wao nyuma kidogo.

“Mmoja aliniuliza kama unang’ata vidole,” anasimulia Mama Mitungi. “Nikamwambia vidole hapana, lakini asiuache karibu na shemeji yake mnene.”

Ana miaka hamsini na miwili, mikono ya mtu aliyeshika udongo maisha yake yote, na kicheko kinachotangulia maneno. Kitalu chake kiko kati ya ukuta wa nyumba na barabara. Kina mawaridi, miche ya mipapai, na maua ya kupanga barazani. Hayo ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba na ada. Lakini mtungi mmoja ulionona ulikuwa ukiuzwa kwa bei ya mawaridi ya wiki nzima, na watu walikuwa wakishuka kwenye magari yao kwa ajili ya mitungi tu.

Mama Mitungi alimpata Bibi alipokuwa akitunza bustani katika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alipofunga biashara, alimkabidhi chungu kimoja mlangoni na wosia mfupi: usimpe chakula, huyu hujitafutia mwenyewe.

“Nilidhani ananitania,” anasema. “Mimi nimelelewa kwamba mmea ukikonda unauwekea samadi. Huyu ukimwekea samadi ni kama umemwekea sumu.”

Ndipo alipojifunza somo lililomchukua miaka. Kwao, mimea hii huota penye ardhi maskini, palipooshwa na mvua pakabaki patupu, na ndiyo maana ikajifundisha kuwinda. Mizizi yake haina kazi ya kula. Inataka kushikilia, kunywa kidogo na kupumua. Ukiizika kwenye udongo mzito uliojaa mbolea, inaungua na kuoza.

“Wanasema mchagua jembe si mkulima,” anasema. “Sawa, jembe usichague. Lakini hapa usipochagua pa kupandia, utakuwa unachimba kaburi.”

Mchanganyiko wake wa zamani ulikuwa nyuzi za makumbi za kununua mbali, zilizokuja zimefungwa kama matofali, safi hazina neno. Akachanganya na vipande vya magome na chenga za mkaa. Mimea ikastawi, vipandikizi vikashika, na jina la Mama Mitungi likamganda kiasi kwamba hata mumewe akaanza kumwita hivyo.

Mumewe huyo ni msokota kamba. Ni mwanamume mrefu, mpole, asiye na maneno mengi, na nguo zake zina harufu ya makumbi kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Na yeye ndiye aliyeimaliza mitungi yote.

Ilikuwa mwaka jana, Mama Mitungi alipokwenda kukaa na binti yao wa kwanza aliyejifungua kwa upasuaji. Alimwachia mumewe kitalu na agizo moja, amwagilie tu. Mzee akamwagilia. Lakini kila asubuhi akiipita ile mimea moyo ulikuwa unamuuma.

“Niliiona imekonda, imekalia makapi matupu,” anasema mzee, macho chini. “Nikajiambia, mke wangu anahangaika na mjukuu, na mimi nipo tu. Akirudi aikute imenenepa. Kazini makumbi yamejaa, hakuna anayeyahesabu.”

Akabeba gunia zima. Akaing’oa mimea yote, mmoja baada ya mwingine, akaipanda upya kwenye makumbi ya karakanani. Na kwa kuwa hakuzoea kumkaribisha mtu bila kumpa chakula, akaongezea samadi ya kuku. “Kidogo tu,” anasisitiza. “Ya kuonja.”

Ila makumbi ya kusokotea kamba si makumbi ya dukani. Kabla ya kupondwa hufukiwa miezi kadhaa kwenye tope la pwani, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake, mpaka nyama yake ioze na nyuzi ziachie. Yakitoka huko yameshiba chumvi. Kamba haijali. Mzizi unajali.

Mama Mitungi alirudi akakuta safu nzima imekauka rangi ya tumbaku. Mitungi ilikuwa imesinyaa kama soksi zilizovuliwa. Mumewe alikuwa amesimama katikati yake na kopo la kumwagilia, bado anamwagilia.

“Angekuwa ameiuza, ningemgombeza mpaka majirani waje,” anasema. “Kaiua kwa mapenzi. Mtu wa namna hiyo unamgombezaje?”

Kwa hiyo hakumgombeza. Alinyamaza, na kwa mwanamke mcheshi kama huyu kimya kilikuwa adhabu kubwa zaidi. Waliongea habari za chumvi ya mboga, kodi na mjukuu, lakini mitungi haikutajwa mezani. Wasemao wema hauozi hawakuuona wema wa mzee huyu ulivyoozesha mizizi.

Mzee naye akawa na aibu ya kuingia nyumbani na harufu ya kazi yake. Akitoka karakanani alipitia kwa fundi viatu, akabadilisha shati, akaacha huko kila kitu chenye makumbi.

“Kibanda changu kikawa ghala la makumbi,” anasema fundi viatu. “Mteja anakuja na kiatu kimoja, anatoka na manyuzi kichwani.”

Katika safu yote, Bibi peke yake ndiye aliyebaki na jicho la kijani shinani. Mama Mitungi alimng’oa, akamwosha mizizi myembamba myeusi inayokatika kama nywele zilizoungua, akamweka kwenye kopo la rangi na magome matupu. Akaponea hapo, lakini kupona tu, kama mgonjwa aliyeweza kukaa kitandani asiweze kusimama.

Zile nyuzi za matofali zilikuwa hazipatikani tena. Akaanza kutafuta upya. Bibi alipoanza kurefuka alikata vipandikizi vichache, akavijaribu huku na huku. Mboji na mchanga vilishikana kama tope la kufyatulia matofali. Magome aliyopewa na seremala yalipitisha hewa vizuri, lakini maji nayo yakapita moja kwa moja, na kufikia adhuhuri yalikuwa makavu. Mkaa hauozi, ila haushiki maji. Vipandikizi vikafa kimoja baada ya kingine, vikabaki viwili.

“Nilijua ninachotafuta,” anasema. “Kitu cha kushika maji kama sponji, na bado kikiminywa kinajirudi, hewa ipite. Nilijua jina lake pia. Sikutaka kulitamka.”

Siku moja alikwenda kuchukua ndara zake kwa fundi viatu. Nyuma ya kiti cha fundi akaona gunia. Akalifungua, akachomoa nyuzi, akazinusa. Kisha, mbele ya fundi aliyebaki kinywa wazi, akazitia mdomoni.

“Chumvi tupu,” anasema, na uso wake bado una mshangao wa siku ile. “Nikasema, kumbe! Sikuwa na ugomvi na makumbi. Yamekosea wapi maskini ya Mungu? Ni chumvi na ile samadi. Sasa samaki wa chumvi unamfanya nini? Unamloweka, unamwaga, unamloweka tena.”

Alilibeba gunia kichwani, akavuka nalo barabara. Mumewe alikuwa mlangoni. Alipoliona gunia lake linarudi nyumbani juu ya kichwa cha mke wake, alisogea kando kumpisha.

“Kesho nikingie maji ya mvua,” mkewe akamwambia. “Mengi. Ya bomba hayafai.”

Lilikuwa neno la kwanza kuhusu mitungi tangu msiba ule. Mzee alitoa mapipa yote nje hata kabla ya wingu kuonekana.

Toka hapo ikawa ndiyo kazi yao ya asubuhi. Makumbi yanalowekwa, yanaminywa, maji yanaonjwa na kumwagwa, halafu wanaanza tena. Mzee anabeba ndoo. Kuonja ni kazi ya Mama Mitungi peke yake, na hapo hapana mjadala. Mara moja mzee alinyoosha mkono kuchota, akaangaliwa kwa jicho lililomfanya aukunje.

Makumbi yakishakuwa safi, mama huyachanganya kwa mikono na magome na chenga za mkaa. Kisha huchukua konzi moja na kuiminya. Maji yakichuruzika, mchanganyiko ni mzito, anaongeza magome. Ukibaki mkavu, anaongeza makumbi. Konzi ikifunguka taratibu kiganjani, kama mtu anayeamka usingizini, anajua imekubali.

Hakumpa Bibi moja kwa moja. Alijaribu kwanza kwa vipandikizi viwili vya mwisho, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Vikakaa, vikakaa, mpaka akakata tamaa. Kisha vyote viwili vikachomoza jani jipya.

Kuna jingine, ambalo hakumwambia mtu mpaka leo. Anamvuta mwandishi wa makala haya karibu na kopo, anainua jani la juu la Bibi kwa kidole kimoja. Ncha ya ule uzi imevimba. Kivimbe chenyewe hakijafika punje ya mchele.

“Ndiyo kinachonitisha,” ananong’ona. “Kama angekuwa hana kitu, ningemhamisha bila hofu. Sasa ana mimba. Mizizi ikishtuka, kitakauka. Nikimwacha kwenye kopo, hana nguvu ya kukilea. Vyovyote vile napigwa.”

Ameamua kumhamisha.

Mzee anarudi na ndoo ya maji mapya, anaimimina juu ya makumbi. Wanasubiri. Mama anatandaza vipande vya mkaa chini ya chungu ili maji yasituame. Fundi viatu ameacha kugonga kabisa, kiatu cha mtu kiko mapajani hakina kisigino.

Muda unapofika, Mama Mitungi anachota maji kwa kikombe. Anakitazama. Halafu anageuka, anampa mumewe.

“Onja wewe.”

Mzee anarudi nyuma hatua moja. “Mimi? Mama Mitungi, mimi nimekula chumvi nyingi, ulimi wangu umezeeka. Nikikosea je?”

“Tutakuwa tumekosea wawili. Onja.”

Anakipokea kwa mikono miwili. Anaonja, anafumba macho, anaonja tena. Ng’ambo ya barabara fundi viatu amesimama.

“Hayana kitu,” mzee anasema hatimaye. “Ni maji tu.”

Mwandishi anangoja Mama Mitungi achukue kikombe ahakikishe. Hachukui. Anayaminya makumbi, anachanganya, anajaribu konzi moja na kutikisa kichwa kukubali. Kisha anamtoa Bibi kwenye kopo, mkono mmoja shinani, mwingine chini ya mizizi. Mzee anamwagia mchanganyiko pembeni kwa vidole, kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Hawashindilii. Wanagonga chungu kidogo, basi.

Mama anainua lile jani. Kile kivimbe kipo.

Mipango ipo, naye hataki kuificha. Bibi akishika, atakata vipandikizi vipya mvua zijazo, ajaze tena safu ile yote ukutani. Binti yake ameomba afundishwe kazi, na makumbi hayatanunuliwa tena kwa mtu. Mumewe anakaribia kustaafu. Amekwisha kumwambia kwamba kuna kazi ya kudumu ya kubeba ndoo.

“Na kuonja,” mzee anaongezea.

“Na kuonja,” mkewe anakubali.

Mzee anainama juu ya chungu, anamtazama Bibi kwa huruma ile ile iliyowaponza. “Kwa hiyo nisimpe chochote? Hata kidogo?”

“Usimpe!” wanajibu kwa pamoja Mama Mitungi na fundi viatu, na barabara nzima inacheka.

Akimaliza kucheka, Mama Mitungi anafuta mikono na kuonyesha msumari ulio juu ya mlango wa nyumba, pale kila anayepita barabarani anapoweza kuona.

“Mtungi wa kwanza ukifunguka, hauuzwi, hata aje nani,” anasema. “Bibi atakaa pale. Na atafungwa kwa kamba yake huyu.”

Mzee amekwisha kaa kizingitini, amechomoa nyuzi chache za makumbi mfukoni, anaanza kusokota.