Kamba ya Mkwe

Kipupwe kimekamata, manyunyu hayakatiki, mwanangu akahama Kiembe Samaki kwenda kukaa Nungwi. Kazi kaipata huko, sikatai. Lakini Nungwi ndiko kwao mkaza mwanangu, na mkaza mwanangu ana mama, na mama huyo ana mdomo wa asali. Mjukuu wangu wa miaka minne, niliyemlea tangu anatambaa, alalaye kitandani kwangu, akaanza kunihadithia "Bibi wa Nungwi" na kaimati tamu anazompikia. Niliishi uke wenza miaka kumi na mbili na sikuona wivu kama ule.

Kwetu nyumba mpya haiingiwi hivihivi. Mtu mzima hutangulia na msahafu, akafukiza ubani vyumba vyote, ndipo vyombo viingie. Nikasema mtu mzima huyo ni mimi. Nikaufunga msahafu wangu ndani ya kanga mpya.

Gari ya mwanangu ilikuwa imekufa injini, ikabidi ivutwe na lori la vyombo. Mkwe wangu, huyo mama wa Nungwi, katuma kamba ya kuvutia, nene, mpya, kaitoa kwa wanawe wavuvi. Nikamwambia mwanangu, "Hiyo itie kwenye buti. Kamba ninayo."

"Mama, hiyo yako ya usumba wa nazi ina miaka stoo."

"Hata wewe una miaka, mbona nakutumia?"

Akacheka, akafunga yangu. Sikutaka kukokotwa mpaka Nungwi na kamba ya mwanamke yule.

Lorini walikaa dereva, mkaza mwanangu na mtoto. Mie nikakaa ndani ya gari bovu na mwanangu, yeye kashika usukani, breki nzito kama anakanyaga jiwe. Nilimtaka mtoto akae nami, baba yake akakataa, akasema gari ya kuvutwa haipakiwi mtoto. Basi njia nzima natazama mgongo wa kabati lililopakiwa lorini.

Tulipopita Mahonda, kwenye kilima, kamba ikakatika. Haikulia sana. Niliona tu kabati linakwenda zake. Mwanangu akapiga honi, akapiga simu. Mkewe alipopokea walikuwa wameshafika mbali, na dereva hakutaka kugeuza na mzigo ule. Atateremsha vyombo kwanza, kisha aturudie.

"Mwambie mtoto asiingie ndani mpaka nifike," nikasema.

"Na mvua hii, mama?"

Tulikaa pale muda wa saa mbili nzima, vioo vimefanya ukungu, msahafu mapajani. Mwanangu hakunilaumu. Angenilaumu ningepata wa kugombana naye.

Lori liliporudi mwanangu alifungua buti, akaitoa kamba ya mkwe. Nikageuza uso. Ilituvuta mpaka mlangoni, haikulegea hata uzi.

Ubani niliusikia kabla sijashuka. Mkwe akatoka kunipokea.

"Karibu mkwe wangu. Tulikungoja, vyombo vikaanza kurowa, nikaona nitangulie mimi. Usinione vibaya."

"Sikuoni vibaya. Nakuona tu."

Mtoto alikuwa nyuma yake, kashika kanga ya bibiye, mdomo umejaa kaimati. "Bibi, nna kitanda changu," akanambia. Nikamwambia mashaallah.

Dereva akanyanyua sauti, "Bibi, nnarudi mjini. Panda."

"Nenda zako. Nimekuja na gari, nitarudi na gari."

Mkwe akasema taratibu, "Gari yenyewe haina injini, mkwe. Fundi anasema vifaa mpaka vitoke Dar."

"Basi nitangoja. Kitanda cha mtoto kipana?"

"Ni cha mtoto, mama," mkaza mwanangu akajibu.

"Nitalala ubavu."

Nikaingia ndani na msahafu wangu, nikauweka rafuni, juu ya msahafu wa mkwe.

Sasa ni mwezi wa tatu niko hapa. Fundi kila akija namuuliza ana haraka gani.