Nilivunja Muhuri wa Mama Mkwe

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si mchungaji. Ni mimi.

Mimi ni Mkuria wa Isebania. Niliolewa kwa Wajaluo, Homa Bay, miaka ile ya tisini. Mimi na mama mkwe tulielewana kwa Kiswahili tu. Alikuwa mkunga, na watoto wengi wa kijiji kile aliwapokea yeye.

Shingoni alivaa mkufu wenye kijiwe chekundu kilichochongwa. Mimi niliona msalaba uliopinduliwa kichwa chini, samaki wawili, na herufi zilizoandikwa kinyumenyume.

Wakati huo kila mahali ilikuwa ni stori za waabudu shetani. Tuliambiwa wanajulikana kwa alama kama hizo hizo. Na mtoto wangu wa kwanza alikuwa haishi kuugua. Nikajumlisha mwenyewe. Jamani, ujinga wangu!

Siku moja mume wangu akiwa kazini Awendo, nikaleta kikundi chetu cha maombi nyumbani. Tukamzunguka mama, tukamwambia atoe hicho kitu.

Hakukasirika. Alivua mkufu, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakigandamiza kile kijiwe juu yake.

"Nyar Isebania, hebu angalia," aliniambia; ndivyo alivyoniita, yaani binti wa Isebania. "Huu ni muhuri wa zamani sana. Ukiupiga ndiyo unasomeka. Hii si msalaba, ni nanga. Padri mzee niliyemuuguza mpaka akafa ndiye alinipa. Alisema Wakristo wa kwanza walikuwa wanavaa hivi. Nanga ni tumaini, na samaki ndio sisi waumini."

Sikuangalia! Nilifumba macho, nikazidi kukemea. Halafu nikaunyakua, nikauponda kwa jiwe la kusagia, watu wakipiga makofi.

Mama alisema tu, "Basi." Akaokota vipande, akavifunga kwenye leso, akaingia kwake.

Habari zilifika sokoni kabla ya jioni. Wanawake wakaacha kumwita wakishikwa na uchungu. Hata maji yake hawakunywa. Nami nilijiona nimeshinda!

Mimba yangu ya pili ikafika. Uchungu ulinishika mapema, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Jirani yangu akasema, "Wacha nimwite mama, si yuko hapo tu?"

"Usithubutu!" nikamwambia. "Afadhali nife."

Mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Waliponifikisha hospitalini, alikuwa ameshakufa. Muuguzi akaniuliza, "Kwani huko kwenu hakuna mkunga?"

Aliyekuja wodini na uji alikuwa mama. Alinikanda mgongo.

"Mama, nilikukosea," nikasema.

"Kunywa kabla haujapoa," akajibu.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Mume wangu alimhamishia mama yake Awendo, naye mume wangu siku hizi huja nyumbani kama mgeni. Napika, nafua, naenda kanisani, narudi. Ni kama mambo haya yalimpata mtu mwingine.

Wewe unayesoma, ukiona alama usiyoielewa shingoni mwa mtu, muulize. Akikujibu, msikilize mpaka amalize. Usimpe shetani kitu usichokijua! Mimi nilimpa, na binti yangu alizikwa hata jina hatujampa.