Nyumba Niliyoipaka Rangi Ili Niiuze

Mke wangu alipopatwa na kiharusi tulimpeleka kwa binti yetu anayeishi Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mimi nilibaki Kitale peke yangu, na mtu mmoja mzee hawezi kumgeuza mgonjwa kitandani usiku na mchana. Nilidhani ni kwa majuma machache. Mvua ikaja ikaisha, mahindi yakavunwa, naye bado alikuwa amelala katika chumba cha wajukuu, wao wakilala sebuleni.

Hakukosa kitu pale. Tatizo lilikuwa heshima. Kwetu sisi, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja, hawali pamoja, hata kusalimiana hawashikani mikono. Mkwe wetu ni mtu mwema mno. Kila jioni akitoka kazini alizunguka nyumba yake mwenyewe na kuingia kwa mlango wa jikoni, asije akapita mbele ya chumba cha mama. Mke wangu alikuwa akizisikia hatua zake zikizunguka. Siku moja aliniambia, taratibu, kwa maana ulimi ulikuwa bado mzito, "Nimemfanya mtoto wa watu kuwa mwizi kwake. Nitoe hapa."

Tulikuwa na kipande cha shamba hapo hapo Mabanga, na msingi wa vyumba viwili uliokaa miaka mingi ukiota nyasi. Ili kuta zisimame, ilibidi nyumba ya Kitale iuzwe. Nilimwomba Mungu anipe njia nyingine. Hakunipa, nami nikamshukuru kwa hiyo iliyokuwepo.

Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka kama mimi. Nilikwenda kwa Mhindi mmoja mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye nimenunua misumari kwake tangu baba yake akiwa hai. Nilimweleza yote niliyotaka kutengeneza. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Mzee, utakufa na hiyo kazi," akasema. "Mtu akija kununua anaangalia nini? Anaangalia njia ya kuingia. Anaangalia rangi. Anaangalia juu kama kunavuja. Halafu bibi yake anauliza choo. Basi. Hayo mengine atavunja mwenyewe."

Nilifuata hayo. Nilitafuta fundi mmoja, mtu wa Matulo asiyependa maneno mengi, tukaanza Jumatatu. Tulikata ua wa michongoma mpaka kifuani, nyumba ikaonekana kutoka barabarani. Tulimwaga maramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, kwenye njia iliyokuwa tope. Vioo vilivyopasuka tukavibadilisha, misumari ya mabati tukaiziba kwa lami, hasa juu ya jikoni. Choo cha zamani kilikuwa kimeinama, kwa hiyo vibarua wakachimba kipya na kukijengea mlango wa mabati mapya. Mwisho tukapaka ukuta wa mbele rangi ya maziwa, na chini mkanda wa kahawia ili matope ya mvua yasionekane. Kila jioni mgongo wangu ulikataa kunyooka. Nilisali nikiwa nimekaa.

Majirani sikuwaambia kitu. Mtu akiuza nyumba huku, maneno huwa mengi, nami sikuwa na nguvu za kuyajibu. Walipopita niliwapungia brashi, nao wakanipungia mkono na kwenda zao haraka. Niliona ni adabu.

Jumamosi asubuhi mnunuzi alikuwa aje, mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akipanga upande mwingine wa mji. Kabla yake walikuja wanawake wawili na kuni kichwani. Wakatua, wakaketi chini kwenye nyasi. Wakaja wengine na sukari na unga. Wakaja wanaume na viti vya kanisa na nguzo za hema. Kiongozi wa kwaya yetu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliingia langoni akilia kimya kimya, akanishika mikono yote miwili iliyojaa rangi.

"Pole, Baba. Tulijua wewe hutatuambia. Wewe unameza tu."

"Kuwaambia nini?"

"Mwili unafika lini?"

"Mwili wa nani?"

Akaniangalia, akamwangalia fundi juu ya ngazi. "Si ni wa Mama?"

"Mama yuko Mabanga. Jana jioni amekula ugali wa wimbi na kuku."

Kisha mzee mmoja tuliyezoea kuketi naye benchi moja kanisani akasema, kama mtu aliyedhulumiwa, "Sasa choo kipya ni cha nini? Na wewe unakaa peke yako."

"Na ua umekatwa," mwingine akaongeza.

"Na maramu mpaka barabarani. Hata lori la jeneza linaingia. Si tulihesabu tu, bana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu hapaki nyumba rangi hivi hivi. Nyumba hupakwa kunapotokea msiba, kabla mwili haujatoka mochari, ili wageni wasione aibu ya marehemu. Ua hukatwa kwa ajili ya watu wengi, choo huchimbwa kwa ajili yao hao hao. Mimi mwenyewe nimewasimamia watu wakifanya hivyo nyumbani kwa wengine, mara nyingi, na lile juma lote jambo hilo halikunijia akilini.

"Nauza nyumba," nikasema.

"Ati unauza?" Kiongozi wa kwaya alifuta machozi kwa ncha ya leso. "Afadhali ungekuwa msiba, Baba. Msiba tungelia tukamaliza. Kwa hili tutakukasirikia mpaka Krismasi."

Mnunuzi alifika wakati huo huo. Aliona kuni, viti, wanawake chini. Alisimama langoni, akafunga kitambaa kichwani, akasema poleni. Kisha akanivuta kando.

"Mzee, pole sana. Lakini mimi siwezi. Kiwanja chenye kaburi jipya, mume wangu hatakubali."

Akageuka kwenda. Nilijua yanipasa nimwite. Nilikuwa nimechoka mno, nikafikiria tu hatua za mkwe wetu zikizunguka nyumba. Ni kiongozi wa kwaya aliyemshika yule mwalimu mkono.

"Dada, ngoja. Hapa hakuna maiti. Baba, piga simu."

Nilipiga. Binti yetu akamwekea mama yake simu sikioni, nami nikaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mama, watu wamekuja kukulilia."

"Ni wengi?"

"Wengi."

"Wamekuja na nini?"

"Kuni. Sukari. Unga."

Akacheka. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. "Basi uwapikie chai," akasema.

Mwalimu alisogea karibu na simu. "Mama, hujambo. Mimi ndiye nataka kununua. Wewe umekubali iuzwe?"

"Mimi ndiye nimemtuma. Lakini jikoni kulikuwa kunavuja. Muulize kama ameziba."

"Nimeziba," nikasema.

"Muonyeshe. Asiamini mdomo."

Wanawake waliinuka wote, wakamzungusha. Niliwasikia vyumbani wakimweleza kwamba mfereji wa maji hukauka wakati wa jua kali, kwamba mbwa wa jirani hubweka bure, kwamba sebule hii imesaliwa ndani yake miaka mingi na haijawahi kuingia nyoka. Sikuwazuia. Kwa kuwa sukari ilikuwa imeshafika, wakapika chai, wakageuza maombi ya msiba kuwa ya shukrani. Wakaniomba niongoze. Nilianza, nikafika katikati, nikalala kwenye kiti.

Nilipoamka viti vingi vilikuwa vimeondoka. Mwalimu alikuwa jikoni na kiongozi wa kwaya, mikono ikiwa kwenye maji, wakiosha vikombe. Aliniambia mume wake atakuja Jumatatu twende kwa wakili. Kisha akainua kikombe kimoja kilichokauka.

"Mzee, hivi vinakaa wapi?"

Nikamfungulia kabati. Mlango wake ulikuwa umelegea bawaba. Huo sikuwa nimeutengeneza, nami nikamwambia.