Ngoja Mpaka Nikuje

Juzi pale Malaba nilimwona msichana mdogo juu ya boda ya baiskeli, amekamata shati ya dereva kwa ngumi mbili, nikajiona mimi.

Mama alinipakia hivyo hivyo Busia, niende kukaa kwa nyanya upande wa Uganda. Aliniinamia na ile harufu yake ya dagaa wa omena, akasema, "Usisumbue nyanya. Ngoja mpaka nikuje."

Tukapita kando ya malori yaliyokuwa yakinguruma kwenye foleni, moshi ukinichoma macho. Tulipofika kwenye geti nikauliza, "Huu ndio mpaka?"

"Ndio huu, nyabo," dereva akanijibu kwa heshima ya Kiganda, kama mama mzima.

Nikaruka chini, nikakalia begi langu.

"Heh! Sasa nini?"

"Mama alisema ningoje mpaka, akuje."

Alicheka akaegemea baiskeli. Kisha akatazama tulikotoka, kicheko kikamwisha. "Hakusema siku gani?"

"Alisema mpaka."

Hakunigombeza. Alisimama nami juani akinipigia kengele polepole nisilie, nami nikitazama kila mwanamke wa leso aliyekuja. Mwishowe akaninyanyua. "Twende, nyabo. Nyanya pia anangoja."

Siku hizi najua mama alimaanisha hadi siku atakayoweza. Lakini siku ile nilivuka nimegeuza shingo, nikiogopa kwamba mama atafika mpaka, aangalie huku na huku, na anikose.